Sahani Ndogo ya Bati

"Wewe na ugali mtatenganishwa na kaburi," shangazi yangu aliniambia siku daktari aliponiagiza nipunguze chakula kwa sababu ya presha. Majirani zake wa mtaa wa Kisumu Ndogo walicheka. Walikuwa wamesahau kwamba walisema sitaweza pia diploma yangu ya umeme, kazi ya Doha kule Qatar, na duka langu la hadiwea, la vifaa vya ujenzi, pale stendi ya Kawangware 56. Yote niliyaweza.

Njaa ilinisumbua kuliko joto la Doha. Saa kumi jioni, chapati za jirani zikianza kunukia, nilikunywa strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari, na kuhesabu misumari ya dukani niliyokwisha kuihesabu.

Lakini mtihani wenyewe ulikuwa kwa shangazi, aliyenilea kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani. Jumapili ya kwanza nilimega ugali mara tatu nikanawa mikono. Alifunika chakula.

"Siku hizi unapikiwa na nani?" aliuliza, na hakunisindikiza hadi barabarani kama kawaida yake.

Wiki nzima niliona heri presha kuliko uso ule. Jumapili iliyofuata alinipakulia kwenye sahani ndogo ya bati, ile iliyokuwa ikiniliza utotoni kwa sababu haikunishibisha.

"Hii uliichukia," alisema. "Leo itakutosha, mzee wa diploma?"

Omena zilijaa, ugali ulikuwa wa ukubwa wa ngumi tu. Nilikula polepole nikamaliza. Alingoja niombe nyongeza. Njaa bado ilikuwepo, lakini sikuomba.

Aliiosha ile sahani, akaiweka kabatini juu ya sahani yake, akanisindikiza hadi barabarani.