Sauti Nyembamba ya Mwantumu

Bibi yangu mzaa mama, Mwantumu, alikuwa na sauti nyembamba sana. Majirani zake, nyuma ya soko la Mbeya, walisema akiita kuku wake, wa nyumba ya tatu nao wanakuja. Yeye aliionea fahari, kwa sababu ndiyo iliyomletea mume. Isihaka alimsikia akiimba harusini, nyuma ya pazia, akapeleka posa kabla hajamwona uso.

Isihaka alikuwa fundi cherehani. Sikio lake la kulia lilikufa utotoni kwa surua, akazoea kuishi na la kushoto. Asubuhi moja ya Julai, mwaka 1956, aliamka akasikia kitu kama uzi unaokatika, kisha na la kushoto likanyamaza. Alinawa, akavaa, akaketi kwenye cherehani yake barazani, akaona gurudumu linazunguka bila mlio. Mwantumu alimwita chai mara nne. Hakugeuka.

Bombani wanawake walimtania Mwantumu kwamba waume wote hawasikii, wa kwake amechelewa tu. Alicheka pamoja nao. Siku ya tatu akafika Mwamvita, na kicheko kikaisha.

Mwamvita alikuwa mjane wa Chimala. Kila baada ya wiki mbili alileta mchele Mbeya kwa basi, na kulala kwao, kwa kuwa mama yake na mama wa Isihaka walitoka mtaa mmoja Bagamoyo. Alikuwa mrefu, na sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua. Aliingia akasema, "Hujambo, kaka Isihaka?"

Isihaka, aliyekuwa ameinamia suruali ya mteja, aliinua kichwa. "Sijambo, Mwamvita. Habari za Chimala?"

Mwantumu alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Kwa siku mbili alikuwa amempigia mumewe kelele mpaka koo likamwasha, asipate hata kugeukiwa. Sasa mgeni anatoa salamu ya kawaida na anajibiwa.

Mwamvita alipoelezwa habari, alisema mgonjwa apelekwe upesi hospitali ya misheni, upande wa Iringa. Karani mmoja wa Chimala alizibwa masikio vivyo hivyo, akaenda huko wiki ileile, akarudi anasikia. Isihaka alikubali kwa kichwa, maana alisikia karibu kila neno. Mwantumu alisema hapana. Mumewe ataponea nyumbani mwake, kwa dawa yake.

Akaanza na kombe. Shehe Alawi aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, wakaziosha kwa maji, na Isihaka akanywa maji hayo siku saba. Kisha ikaja zamu ya mafuta ya ufuta yaliyochemshwa na kitunguu saumu, matone matatu, vuguvugu. Kisha jirani yake Tusajigwe, Mnyakyusa wa Rungwe, akaleta jani changa la mgomba, akalipitisha motoni na kulikamulia sikioni. Kila asubuhi Mwantumu alisimama nyuma ya mumewe akamwita jina mara moja ili ajue dawa ipi inafanya kazi. Kombe lilimpa usingizi mzuri. Mafuta yalimwondolea mwasho. Jani lilimfanya apige chafya. Hakuna hata moja iliyomfanya ageuke.

Siku ya kumi na saba Mwamvita alirudi, akakuta mambo yako vilevile. "Dada, bado hamjaenda?" aliuliza, na Isihaka ndiye aliyejibu. Alisema anakwenda kesho, na basi la Mwamvita.

Mwantumu alifunga kanga zake akapanda nao. Alikaa katikati yao mpaka Chimala, ambako Mwamvita alishuka, na hata hapo hakusogea dirishani.

Daktari aliuliza ni siku ya ngapi. Alipoambiwa ya kumi na tisa alimtazama Mwantumu, si mgonjwa. Alisema ugonjwa huu hautaki kungojewa; wangefika wiki ya kwanza angekuwa na matumaini zaidi. Kisha akatoa vyuma viwili vyenye panda kama uma, kinene na chembamba. Alikigonga kinene akakisogeza sikioni, na Isihaka akaitikia kwa kichwa. Akakigonga chembamba. Mwantumu, aliyekaa upande wa pili wa chumba, alikisikia kikilia vizuri kabisa. Isihaka aliendelea kutazama ukuta.

"Mumeo anasikia sauti nene," daktari alisema. "Nyembamba zimepotea. Ni mshipa wa kusikia, si uchafu."

Alimpa vidonge vya wiki mbili, vinavyowasha uso na kuupandisha wekundu, akamkataza cherehani, akakataza mtu yeyote kumtia kitu sikioni. Hakuahidi lolote.

Mtu angefikiri Mwantumu angetulia. Kumbe ilikuwa mbaya zaidi. Mwanzoni aliweza kumshuku mumewe kwamba anajifanya, na hilo lina dawa yake. Sasa alijua kwamba Mwamvita alizaliwa na sauti inayofaa, na yeye hakuzaliwa nayo. Usiku wa safari ya kurudi alihesabu pia zile siku kumi na saba, na kila alipozihesabu alimchukia Mwamvita kwa kuwa alisema kweli.

Nyumbani vidonge alimpa kwa saa, na kombe akaliongeza bila kumwambia daktari. Kisha akajaribu jambo ambalo hakulisema kwa mtu mpaka uzeeni. Asubuhi moja alisimama nyuma ya mumewe, akashusha sauti mpaka tumboni, akasema, "Chai tayari."

Isihaka aligeuka mara moja, uso umechangamka. "Naam, Mwamvita. Umefika saa ngapi?"

Mwantumu aliweka kikombe chini, akatoka. Siku tatu hakusema neno nyumbani, kwa sauti yoyote, na Isihaka alimfuata kwa macho tu, kwa kuwa hakujua alilokosa.

Siku ya nne Mwamvita alishuka na mchele wake. Mwantumu alimkuta uani kabla hajaketi, akamwambia yote aliyoyaweka moyoni: kwamba Mbeya kuna nyumba nyingi za kufikia, kwamba mjane mwenye haya hasalimii waume za watu kabla ya wake zao, kwamba mchele wenyewe una mawe. Sauti ilimpanda mpaka Tusajigwe akatoka kwake na mtoto mgongoni.

Dirisha la chumbani likafunguka. "Mama Jaha," Isihaka alimwambia mkewe, "mbona unamwambia mgeni mchele wake una mawe?"

Mwantumu alikuwa amempa mumewe mgongo, hivyo Isihaka hakuweza kumsoma midomo.

Mwamvita alijifuta vumbi la safari usoni. "Endelea basi kunitukana," alisema. "Anakusikia."

Mwantumu alisema, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba mchele una mawe madogo tu, na Isihaka dirishani akacheka.

Sikio halikurudi lote. Miluzi ya ndege hakuisikia tena. Shehe Alawi alisema ni kombe, Tusajigwe akasema ni jani. Nilipokuwa chuo kikuu nilisoma kwamba baadhi ya masikio ya aina hiyo hurudi yenyewe, kwa dawa au bila dawa, nikaja kumweleza bibi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pengine vidonge vya kule misheni vilisaidia kidogo.

"Lakini Mwamvita," aliniambia, "usimwambie kwamba nimekiri."