Tulipoiita Seva kwa Jina la Samaki

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyokaribia kumkosesha mama wa watu kazi kwa sababu ya jina la samaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, Kisumu, katika ofisi ndogo ya kuchunguza samaki wa ziwa. Vipimo vya samaki kutoka Asembo Bay na kwingineko vilihifadhiwa kwenye seva, kompyuta kubwa iliyokaa chumba cha mwisho. Aliyeitunza ni Mama Rehema, mzaliwa wa Mwanza, ambaye alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Mimi nilikaa chumba cha mbele na kompyuta yangu ndogo, kijana wa Nyalenda, mtaa wa hapo hapo Kisumu, mwenye cheti kipya na kichwa kikubwa.

Tuliambiwa tuziunganishe, ili programu yangu ya takwimu ifungue kikao cha mawasiliano na seva na kusoma vipimo huko huko, tuache kubeba diski mkononi. Jambo hilo lilinivutia ajabu. Nilitaka kujua mashine inamwitaje mwenzake aliye nyuma ya ukuta. Mama Rehema akanieleza: kwake seva inasubiri kwa jina fulani, na kwangu programu inaita jina hilo hilo.

"Tuipe jina la yule samaki mkubwa," nikasema. Akakubali, kila mmoja akaenda kuandika kwake.

Nikaita. Skrini ikajibu kwamba seva hiyo haipo. Nikakagua waya, nikazima, nikawasha, nikaita tena. Haipo. Siku mbili nzima. Siku ya tatu nikamwandikia barua mkubwa wetu, Mzee Ouma, kwamba Mama Rehema hajui kazi na ameharibu seva. Naona aibu mpaka leo.

Mzee Ouma akaisoma, akaikunja.

"Hii barua nikipeleka mbele, huyu mama anaenda nyumbani," akasema. "Umeenda kwa chumba yake ukaona ameandika nini?"

"Bado, Mzee."

"Basi enda kwanza."

Nikaenda. Tukainamia skrini yake pamoja. Mahali ambapo kwangu niliandika *mbuta*, yeye aliandika *sangara*.

"Sangara ni nini?" nikauliza.

"Si yule samaki mkubwa uliyemtaja? Kwetu Mwanza ndiye sangara. Ninyi mnamwitaje?"

"Mbuta," nikasema, nikacheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka barua, kicheko kikaniishia. Ziwa ni moja na samaki ni huyo huyo, sote tumemla kwa ugali. Mashine haijawahi kumla, inajua herufi tu. Nikarudi kwangu, nikaandika *sangara*, na vipimo vikaanza kushuka kwenye skrini.

Nikamfuata Mama Rehema kumweleza habari ya barua.

"Siku mbili umeniita kwa jina nisilolijua," akasema, "halafu ukaandika kwamba mimi ndiye nisiyesikia."

Mzee Ouma alinirudishia barua, nikaichana mbele yake. Mama Rehema alipita majaribio, na mengi ninayojua kuhusu seva nilifundishwa na yeye.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiita usipojibiwa, usikimbilie kalamu. Tembea hadi chumba cha pili, uulize kule wameandika jina gani. Usione haya kuuliza kitu ulichodhani mmekubaliana. Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza, na kila utakayemwita kwa jina lake, aitike.