Kidole Chini ya Neno

Shangazi yangu ni mtu wa kelele, na nasema hivyo kwa mapenzi. Anafundisha kusoma darasa la tatu katika shule ya serikali iliyo nyuma ya soko, na ukipita barabarani wakati wa kipindi chake utadhani anagombana na dereva wa lori. Njia yake ni moja tu: kidole chini ya neno. Mtoto anaweka kidole, anasoma neno, anakisogeza. "Wewe, kidole kimeshafika sokoni, mdomo bado uko nyumbani!" huwapigia kelele. Mimi alinifundisha hivyo hivyo, na nampenda kwa hilo mpaka leo.

Kisha zikaja tableti. Vitabu vyote vikafungiwa stoo, kila mtoto akapata kioo chake. Shangazi hakununa. Alizifurahia, hasa picha. Lakini alipopaza sauti, "Vidole chini ya neno!", darasa zima likatii na darasa zima likapotea, maana kioo kikiguswa maneno yanakimbia. Huyu ukurasa umemkimbia, yule herufi zimevimba hadi hazienei.

Akamwita binti wa fundi wa kuchomelea, mtoto mpole asiyejua hata kujibu kwa sauti. "Haya mama, soma."

"Ng'o!" akasema yule mtoto.

Darasa likaangua kicheko. Shangazi akashika kiuno. "Mimi? Unaniambia mimi ng'o?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, mwalimu."

Shangazi akaenda kutazama. Herufi zilikuwa zimevimba chini ya kidole, na ng'ombe wa watu amebaki ng'o, kipande kingine kimepotelea nje ya kioo. Alicheka mpaka akashikilia dawati. Lakini tangu siku hiyo mtoto hakunyoosha mkono tena, na shangazi alipomkalisha pembeni akagundua kwamba hakujua kusoma zaidi ya silabi mojamoja. Alikuwa akifuatisha wenzake. Hilo lilimuuma. Akaingia stoo bila kumwomba mtu ruhusa, akatoa kitabu cha darasa la kwanza, akamtilia mtoto mkobani. "Kasome nyumbani. Kidole chini ya neno, umenisikia?"

Haikupita muda, mwalimu mkuu akatangaza kwamba stoo itageuzwa chumba cha kuchajia tableti, na vitabu vitachukuliwa na gari la wanunuzi wa karatasi chakavu. Shangazi akamfuata ofisini.

"Mwalimu mkuu, nirudishie vya darasa la tatu tu."

"Mwalimu, tusirudi nyuma," akajibu kwa upole. Si mtu mbaya, ila anapenda sana neno kisasa. "Wazazi wanakutana kesho. Wakivitaka, vitabaki."

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nilikwenda kwa ajili ya mwanangu. Mwalimu mkuu akaeleza vizuri jinsi dunia inavyokwenda, kisha akasema anayetaka vitabu virudi anyooshe mkono. Mkono wa shangazi ukawa juu kabla hajamaliza. Wangu ukafuata, nao ni wa ndugu, hauhesabiki. Wengine wakatazamana. Nani anataka kuonekana mshamba mbele za watu? Shangazi hakuushusha wake.

Ndipo akasimama yule fundi, nguo zake zimejaa vitundu vya cheche, binti yake amekaa pembeni.

"Samahani, mwalimu mkuu. Mambo ya kisasa na ya kizamani mimi siyajui. Tableti zinalala shuleni, zinafungiwa. Kile kitabu mwalimu alichompa binti yangu kinalala kwangu."

Mwalimu mkuu akamgeukia shangazi. Shangazi akatazama dari.

"Jioni ananisomea," fundi akaendelea. "Anaweka kidole, na mimi naweka changu pembeni. Sikusoma mimi, jamani. Sikupelekwa shule. Sasa naweza kusoma mwenyewe, tangu mwanzo mpaka pale mvua inapoanza kunyesha." Akafuta uso kwa mkono. "Naomba hilo gari lisije kwanza. Sijamaliza."

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mbele yangu akanyoosha mkono, kisha jirani yake, kisha ikawa huwezi kuona ubao. Mwalimu mkuu akakuna kidevu, akasema basi, tableti zibaki na vitabu virudi, pa kuchajia atatafuta kwingine.

Shangazi alilia waziwazi mbele ya wazazi wote. Watu walipoanza kutoka akaenda stoo, akarudi na kitabu cha darasa la pili, akampita binti na kumkabidhi baba mtu.

"Ukimaliza hicho, fundi," akamwambia, "unaanza hiki."