Ufa Nyuma ya Mzee Fransis

Flaviana alianza kupiga picha kwa kamera ya binamu yake, aliyeiacha nyumbani kwao Keko alipopata kazi Dodoma na asirudi kuiulizia. Lenzi ilikuwa na mkwaruzo pembeni, na betri ilikaa vizuri tu ikikazwa kwa kipande cha karatasi. Baba yake, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, huko Kurasini, alikuwa ameshamtafutia nafasi ofisini kwao. Flaviana akaomba apewe muda kwanza.

"Muda wa nini?" baba aliuliza.

"Wa kupiga picha."

Baba akaendelea kula.

Kwenye harusi aliitwa kushika taa tu, mpiga picha akiwa mtu mwingine. Hilo hakulipenda. Alichokipenda ni maduka madogo. Chang'ombe, nyuma ya viwanda, kulikuwa na jengo moja refu la fremu za biashara, mabati yake yameshika kutu: fundi saa, saluni, fundi cherehani, na mwisho kabisa mchongaji. Alipita pale asubuhi, akapita tena jioni, akitazama jua linavyoingia milangoni na watu wanavyokaa kwenye kazi zao bila kujua kuwa wanapendeza.

Mchongaji alikuwa Mzee Fransis, Mmakonde wa Newala. Alichonga viti, milango, na mara nyingine Bikira Maria wa mpingo kwa oda ya parokia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba nikupige picha ukiwa kazini."

"Wageni wananipigaga hapa kila siku," alisema bila kuinua macho. "Wanasema watanitumia. Hata mmoja sijamwona karudi."

"Mie nakaa hapo Keko, mzee. Nikikudanganya utanifuata nyumbani kwa baba."

Mzee akacheka kidogo, akamwacha apige. Wiki iliyofuata Flaviana alimletea picha iliyosafishwa kwenye karatasi nzuri. Mzee Fransis aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi la mbao. "Kumbe nimezeeka hivi," akasema. Akaipigilia ukutani misumari minne, juu ya patasi zake.

Kuanzia hapo milango ilifunguka. Fundi cherehani, Tupokigwe, ambaye wote walimwita Mama Blessing, alijifungia ndani akabadilisha nguo, akatoka na gauni la kitenge alilolishona mwenyewe. Akakaa nyuma ya cherehani shingo ikiwa imenyooka.

"Hii nimtumie Blessing huko Mbeya," alisema. "Anadhani mama yake anashindaga na sare za shule tu."

Wakawa wanamwekea Flaviana kigoda na kumbakishia uji. Mama Blessing alimwita mwanetu. Mteja akija wakati picha inapigwa, aliambiwa asubiri.

Ukutani kwa Mzee Fransis kulikuwa na ufa, kutoka kwenye bati hadi karibu na sakafu. Ulianza malori ya ghala la jirani yalipoanza kupita nyuma ya jengo. Wapangaji walimwambia mwenye nyumba, naye akasema atatuma fundi. Kila walipomkumbusha alisema hivyo hivyo. Asubuhi jua lilipenya kwenye ule ufa na kusimama kwenye vumbi la mbao kama ubao mwembamba unaowaka. Flaviana aliusubiri mwanga ule siku nyingi. Siku alipoupata, Mzee Fransis alikuwa amelaza kiganja juu ya kichwa cha Bikira Maria ambaye uso wake haujaisha, na mwanga umepita katikati yao. Picha ile aliiweka mtandaoni. Watu asiowajua waliisifu, na yeye aliitazama kwenye simu mpaka usingizi ukamchukua.

Ndipo akaja Theonest. Alikuwa mpwa wa mwenye nyumba na msimamizi wa mali zake, ofisi yake ikiwa Mbezi Beach. Alimkuta Flaviana nje ya saluni.

"Wewe ndiye Flaviana? Nimeona kazi zako, sista. Una jicho."

Alisema wanataka kutoa kalenda ya watu na kazi zao, na wangependa ianze na wapangaji wao wenyewe. Alitaka picha za kila fremu, ndani na nje.

"Usizikate kuta," alisema. "Tunataka watu waone mazingira yenyewe. Na uniletee zikiwa kubwa, kama zilivyotoka kwenye kamera."

Hakuna aliyewahi kuzungumza naye hivyo, kama mtu mwenye kazi yake. Flaviana alipita mlango kwa mlango akiwaambia wavae vizuri, watatoka kwenye kalenda. Mama Blessing alifunga fremu nusu siku akasuke nywele. Fundi saa alikuja na koti la suti lenye harufu ya nafthalini. Mzee Fransis alivaa shati la misa. Flaviana alipiga kwa uangalifu wote aliokuwa nao, kuta, dari, sakafu na watu, akaziweka kwenye flashi na kumkabidhi Theonest.

Kalenda haikutoka. Wapangaji waliitwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na Flaviana naye aliitwa. Alikwenda akiwa amefurahi, akidhani ni habari ya kalenda.

Theonest alitandaza picha mezani, kubwa kubwa. Pembeni yake alikaa mtaalamu wa majengo aliyeletwa na mwenye nyumba. Huyo hakutazama nyuso. Alipitisha kalamu kwenye kuta. Hapa ufa. Hapa boriti imeoza. Hapa ukuta umeinama. Jengo lile, alisema, ni hatari, na waliomo wanatakiwa watoke upesi kwa usalama wao. Halitengenezeki. Litavunjwa.

Mwenyekiti wa mtaa aliuliza picha zimepigwa lini na nani.

"Mpiga picha huyu hapa," alisema Theonest. "Muulizeni mwenyewe."

Wote wakageuka.

"Ni zako?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo, lakini..."

"Za lini?"

"Za mwezi huu."

"Umezichezea kwenye kompyuta?"

"Hapana. Ila aliniambia ni za kalenda."

"Kalenda ipo kwenye mipango, sista," Theonest alisema kwa upole. "Lakini uhai wa watu kwanza."

Mzee Fransis alisimama. "Huu ufa tumeusema sie wenyewe miaka yote. Mliposikia hamkuuona, leo kwenye picha ndiyo mmeuona? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyie hamkuziba, na ukuta hamjengi. Mnatutoa." Akakaa. Mtaalamu aliendelea kukusanya picha mezani.

Nje, fundi saa alisema wazi kuwa binti kahongwa. Mama Blessing hakumpinga.

"Ulituambia tuvae vizuri," alimwambia Flaviana.

"Mama, sikujua."

"Najua hukujua." Mama Blessing alirekebisha mkoba begani. "Ila mie nilifunga kazi nikaenda kusuka, Flaviana. Ili wapate kuutazama ukuta wangu." Akaenda zake.

Flaviana alimfuata Theonest mpaka Mbezi Beach. Alipokelewa vizuri, akaletewa juisi.

"Niambie," Theonest alisema, "lingewaangukia ungejisikiaje? Picha zako zimewaokoa watu." Flaviana alijua ufa ulikuwepo kweli, na ni yeye aliyekaa siku zote zile akiusubiri upitishe jua. "Tukianza kujenga tutahitaji picha za kila hatua," Theonest aliendelea. "Kazi hiyo nakupa wewe."

Aliinuka bila kugusa juisi. Jioni alimsimulia baba yake yote. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ile nafasi ofisini bado ipo." Labda ndiyo faraja pekee aliyoweza kumpa.

Siku ya kuhama Flaviana alikwenda kusaidia. Alipoona mabati yakishushwa, aliinua kamera kwa mazoea tu.

"Unapiga tena?" mwenye saluni alimuuliza.

Akaishusha. Mzee Fransis alikuwa akipakia magogo kwenye guta. Flaviana alishika upande wa pili wa gogo, na mzee akamwacha ashike. Walibeba hivyo mpaka magogo yakaisha.

"Unahamia wapi, babu?"

"Mbagala, kwa binti yangu. Huko sichongi, kuna mtoto mchanga."

Ile picha ya kwanza ilibaki ukutani na misumari yake. Flaviana aliiona, na mzee aliona kwamba ameiona. Hakuna aliyekwenda kuichukua. Baadaye Flaviana alisikia Mzee Fransis amerudi Newala, anakaa kwa mdogo wake, na patasi ameziuza.

Kurasini hakwenda. Alipata kibarua kwenye studio ndogo Temeke, ya picha za pasipoti na vitambulisho: kigoda, kitambaa cheupe nyuma, kidevu juu kidogo, asante. Ile picha ya ufa aliiondoa mtandaoni, ingawa watu walizidi kuiulizia. Maduka hakuyapiga tena. Akipita mbele ya fundi aliyeinamia kazi kwenye mwanga mzuri, alitazama chini.

Siku moja Mama Blessing aliingia studioni. Alikuwa akiomba kizimba cha kushonea sokoni, na uongozi wa soko ulitaka picha. Alipomtambua aliyeshika kamera alisimama mlangoni, kama anayefikiria kutafuta studio nyingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaja akakaa. Alikuwa na kilemba cha kawaida na blauzi iliyofifia. Flaviana hakumwambia ainue kidevu. Alipiga mara moja tu.

"Hii itaenda wapi?" Mama Blessing aliuliza.

"Haiendi popote, mama. Nakutolea nakala zako, halafu naifuta ukiwa unaona."

Mama Blessing alikuja upande wa kompyuta akasimama, mikono ameifumbata. Alitazama mashine ikitoa nakala, akatazama uso wake ukiondoka kwenye kioo. Ndipo akazichukua picha na kuzitia kwenye mkoba bila kuziangalia.

"Blessing hajambo?" Flaviana aliuliza.

"Hajambo."

Alitoka. Mteja mwingine alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, anaweka kola sawa.