Chupa Mbili za Maji Mekundu

Somoe binti Mwishehe ana miaka arobaini na tatu. Miaka kumi na miwili sasa tunafanya kazi maabara moja pale chuoni, yeye fundi sanifu, mimi muosha vyombo. Msinitarajie nimsimulie kwa upole. Mwaka huu nimemkasirikia mno, na nimemlilia pia.

Alizaliwa Kunduchi, kwenye mashamba ya chumvi. Baba yake alivuna chumvi miaka arobaini katika jaruba moja, na Somoe alikua akiona maji ya bahari yakikaukia humo, yakigeuka mekundu kabla chumvi haijaganda. Mzee Mwishehe akiuona wekundu ule husema maji yameiva. Basi. Hakuna aliyeuliza yameivishwa na nini.

Somoe aliuliza, ila kwa kuchelewa, alipoanza shahada ya uzamili kwenye umri ambao wenzake wanaozesha. Alitia tone kwenye darubini, akakuta wekundu ule ni vijidudu hai, wanaostawi katika chumvi ambayo ingemkausha kiumbe mwingine yeyote.

"Farida, hawa hawaikimbii chumvi," alikuwa akiniambia huku mie nasugua chupa. "Wameijaza hadi ndani ya miili yao. Protini zao zimeumbwa kusimama kwenye chumvi tu. Ukiwatia maji ya bomba wanapasuka."

Nilikuwa naitikia ili nimalize kazi yangu.

Mmoja wao alimkosesha usingizi. Alisoma kipande cha DNA yake, kile cha kutambulisha ukoo, kikawa hakifanani na cha kijidudu yeyote aliyewahi kuandikwa. Ili atambuliwe kuwa jamii mpya na kupewa jina, ilibidi apelekwe kwenye hifadhi mbili za vijidudu nje ya nchi, akiwa hai. Karatasi haitoshi, picha haitoshi. Somoe alishamchagulia jina, la baba yake. Kilichobaki ni kibali cha kumsafirisha, na kibali kilichukua miezi tisa.

Miezi tisa! Humo humo mwenye shamba akaliuza jaruba, malori yakamwaga kifusi, leo pana ukuta na geti. Humo humo tukahamishiwa jengo jipya, na friza lenye akiba ya vijidudu likasahauliwa bila umeme hadi akiba yote ikafa. Zikabaki chupa mbili tu za maji mekundu, zenye vijidudu walio hai. Kabati la joto la kuwakuzia lilikuwa bado halijaunganishwa, kwa hiyo Somoe akazipeleka kwa baba yake, dirishani, penye jua la mchana.

"Dada, chupa za maabara hazilazwi nyumbani," nilimwambia.

"Kule ndiko kwao," akanijibu.

Kibali kilitoka Jumanne. Tulikwenda pamoja kuzichukua.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njooni muone, nimewaokoa watoto wenu!"

Alisimulia kwa furaha. Siku kadhaa alikuwa akiona maji yanapungua, chumvi inaganda chini ya chupa. Mvuna chumvi anajua jaruba likifika hapo hufunguliwa mlango, maji mapya yaingie, la sivyo kinachobaki ni maji machungu matupu. Na kwa kuwa alishafika maabara akaona tunavyoogopa uchafu, alichemsha maji ya bomba, akayapoza, akayachuja kwa kitambaa cheupe, akazijaza chupa zote mbili hadi shingoni.

Somoe aliinua moja. Wekundu ulikuwa umetoweka. Aliinamisha, maji yakavutika kama mlenda. Hata mimi muosha vyombo nilijua: ule ute ni DNA yenyewe, imemwagika kutoka kwa vijidudu waliopasuka.

Aliketi sakafuni.

"Vipi, mwanangu? Maji yalikuwa machafu?"

"Yalikuwa safi, baba."

"Sasa?"

"Yalikuwa safi mno. Wamekufa wote."

Mzee alishika ukuta. Niliwachukia wote saa ile, baba, binti, na ofisi ile ya kibali na mihuri yake.

Ghafla Somoe akainua kichwa. Vijidudu wale hunaswa ndani ya punje za chumvi inapoganda, na huweza kulala humo miaka. "Baba, chumvi ya mavuno ya mwisho iko wapi?"

Gunia la mavuno yale mzee aliligawa lote sadaka kwa majirani, siku ya arobaini ya mkewe. Kila nyumba kibaba kimoja.

"Tukawaombe," Somoe akasema.

"Sadaka ya mama yako? Nikaidai?"

Kwetu pwani, mtu huona bora ardhi immeze kuliko kurudi mlangoni kudai sadaka ya marehemu. Somoe mwenyewe alifunika uso kwa mtandio. Mzee akavaa kofia, akachukua bakuli, akatoka. Tulimsikia akipiga hodi nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wengi walishaipikia. Jirani mmoja, Bi Wahiba, alimwambia mbele ya wanawe kwamba basi ile haikuwa sadaka, ulikuwa mkopo. Mzee alirudi na konzi moja ya chumvi ya mawe, machozi yanamtiririka ndevuni, akamkabidhi binti yake.

Leo ni siku ya thelathini na nane tangu Somoe aiyeyushe kwenye chupa ya maji ya chumvi kali, akaiweka dirishani palepale. Kibali kinaisha mwisho wa mwezi. Mzee hushinda mbele ya lile dirisha, mikono ameikunja kwapani, hata vumbi la chupa hathubutu kulifuta. Bintiye hamuulizi kitu. Asubuhi hii nilipopita kuwajulia hali, alisubiri Somoe aingie ndani, akanivuta mkono.

"Farida, wewe una macho mazima. Hebu niangalizie. Hakuna hata wekundu kidogo?"

Niliinama nikaangalia. Maji yalikuwa maangavu, naona hadi mwembe wa jirani upande wa pili.

"Upo, baba," nikamwambia. "Kidogo."