Siku Nilipowamwagia Wageni wa Posa Maji ya Tangi

Afadhali mlisikie kwangu, maana mkilisikia kwa majirani wa Bombolulu mtasikia vibaya zaidi: mimi ndiye yule fundi wa kike aliyewaogesha wageni wa posa mchana kweupe, na kanzu zao mwilini. Haya naona mpaka leo, lakini acha niseme mwenyewe.

Naitwa Rukia, na kazi yangu ni umeme wa majumbani. Wakati ule ndio kwanza nimetoka chuoni, watu wa mtaa wakiniita niwabadilishie balbu tu, kazi ya maana wakimpa mwanamume. Kwa hiyo Bi Mwanakombo aliponiita nilifurahi kupita kiasi (na kupita kiasi ndiko kulikoniponza). Huyu bibi ana nyumba yenye wapangaji sita, na maji yote yanavutwa na pampu kutoka kisimani mpaka kwenye tangi jeusi lililo juu ya nyumba. Tabu yake ilikuwa moja, kwamba ili ajue tangi limejaa ama li tupu ilimbidi apande ngazi, na magoti yake yalishakataa ngazi. Akisahau kuzima pampu, maji yanamwagika. Akisahau kuwasha, wapangaji wanamgongea mlango. Sasa Jumamosi walikuwa wanakuja wageni kutoka Likoni kumposa mjukuu wake, Nuru, naye akataka siku hiyo pampu ijiwashe na kujizima yenyewe, ili asiwe na la kufikiria ila wageni wake.

Nikaenda mjini kutafuta kihisi, yaani kile kifaa cha kujua maji yamefika wapi. Muuzaji akanitolea vya aina tatu. Cha kwanza vijiti vya chuma vya kuzamisha majini, hivyo nikavikataa papo hapo, kwani maji ya visima vya kwetu yana chumvi na chuma kingeliwa kabla ya mwaka kwisha (hapo nilikuwa na akili bado). Cha pili boya, kitu cha plastiki kinachoelea, maji yakipanda nalo linapanda, likifika juu linakata umeme wa pampu, basi. Cha tatu ndicho kilichonitia wazimu: unakifunga kwenye mfuniko, kinapiga mlio usiosikika, mlio unagonga maji na kurudi, nacho kinahesabu umbali na kukuonyesha kwenye kioo cha ukutani tangi limejaa asilimia ngapi, tena chenyewe kinawasha na kuzima pampu. Muuzaji aliniambia kwa upole kwamba kwa nyumba ya bibi boya lingetosha. Lakini boya halina kioo, halina namba zinazowaka, na mimi nilitaka wageni na wapangaji wote wapite pale ukutani waulize ni nani aliyefunga kitu kile.

Jumamosi asubuhi nikakifunga. Tangi lilikuwa nusu, na kioo kikasema nusu. Nikaridhika. Sikungoja lijae nione itakuwaje, kwa sababu nilitaka kwenda kubadilisha nguo (ndiyo, nilinunua dera jipya kwa ajili ya kusimama kando ya kioo).

Wageni wakaja baada ya adhuhuri, wanaume wakaketishwa uani chini ya turubai, wanawake ndani. Mpaka wakati wa kula kila kitu kilikwenda sawa, kwa kuwa wapishi walikuwa wanachota, watu wanatawadha, na pampu ilijiwasha yenyewe mbele ya macho ya watu, nami nikatembea kama mke wa waziri. Chakula kilipokwisha hakuna aliyekuwa anachota tena, maji yakazidi kupanda tangini, kioo kikasoma sabini, themanini, halafu ghafla kikasoma tatu. Asilimia tatu. Nikajiambia wapishi wamelimaliza tangi, kumbe wapishi wamekaa wanakula.

Mama Kadzo, mpangaji mmoja, akatoka jikoni akaniambia taratibu, asiniaibishe mbele ya watu: "Fundi, maji yamwagika."

"Hayawezi kumwagika, mama," nikamjibu. "Tangi ni tupu, tazama mwenyewe."

Akatazama kioo, akatazama juu, akaniangalia mimi, akaenda zake. Alirudi mara ya pili na nikamweleza habari za mlio usiosikika. Mara ya tatu hakuja, alinionyesha tu kwa kidole, na hapo nikaona turubai limeshuka katikati kama tumbo la ng'ombe, limebeba maji yote yaliyokuwa yakitiririka kutoka juu ya nyumba, na chini yake mshenga amesimama, anasema kwa ufasaha kwamba wamekuja kuomba ua katika bustani ya nyumba hii.

Mtu mwenye akili angezima pampu. Mimi nilichukua mti wa ufagio nikalisukuma lile tumbo kwenda juu, kama wanavyofanya watu wakati wa mvua, nikidhani maji yatamwagikia ukutani. Hayakwenda ukutani. Yalikwenda upande wa wazee, yote kwa pamoja, na mshenga hakumaliza sentensi.

Pampu ikaendelea kunguruma. Mama Kadzo ndiye aliyekwenda kuizima.

Nilitaka kukimbia, wallahi, na nilishafika mlangoni, aliponiita Mzee Athumani, baba wa bwana harusi mtarajiwa, maji yakimchuruzika kofiani. Huyu alistaafu kazi ya kupima matangi ya mafuta huko Kipevu. Akaniuliza kile kifaa kina karatasi ya maelezo, nikasema ipo, imo mkobani, haijakunjuliwa. "Isome," akasema. Nikaisoma palepale mbele ya wazee waliolowa: kifaa hakiwezi kupima kitu kilicho karibu nacho chini ya sentimita ishirini na tano. Maji yalipokikaribia, kikapofuka, kikasema ovyo, na pampu ikakiamini kama nilivyokiamini mimi. Machozi yakanitoka. Mzee akakamua mkono wa kanzu yake, akasema, "Usilie, mwanangu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilimwaga kitu kisichokauka."

Wa kwanza kucheka alikuwa Nuru, huko ndani, tukamsikia wote, kisha wakacheka wazee. Bi Mwanakombo akatoa vikoi sandukuni, wapangaji wakaongeza vyao, kanzu zikaanikwa, na posa ikakubaliwa na wanaume waliovaa vikoi visivyolingana.

Wakati wa kuondoka sikuthubutu kumtazama bibi. Akaniita: "Rukia."

"Abee, bibi."

"Jumatatu urudi ukirekebishe. Sitaki fundi mwingine."

Nikarudi. Nilitoboa mfuniko nikasimamisha kipande cha bomba pana, nikakifunga kihisi juu ya bomba, mbali na maji, kisha nikaongeza na boya la kukata pampu endapo kioo kitadanganya tena. Safari hii sikwenda kubadilisha nguo. Nilikaa juu ya nyumba na mwavuli mpaka tangi lilipofika tisini na pampu ikanyamaza yenyewe, na moyo wangu nao ukatulia. Tangu hapo Bi Mwanakombo hajapanda ngazi.

Baada ya harusi Mzee Athumani aliniita Likoni nikamfungie kihisi kwenye tangi lake, akanitambulisha kwa majirani kuwa mimi ndiye niliyewaogesha, na majirani wawili wakaniita kwao wiki hiyohiyo. Wote niliwafungia boya. Kioo wakikitaka nitawafungia, lakini kwanza nasoma karatasi yote, mpaka yale maandishi madogo ya nyuma. Na mtu akiniambia maji yamwagika, hata awe mtoto wa miaka mitatu, nazima pampu kwanza, maswali baadaye.