Bibi amekataa nyumba ya Mkunazini

Leo mpango wetu wa kuhamia Unguja umekufa, na aliyeuua ni Bibi mwenyewe.

Baba amestaafu. Baridi ya hapa Jabal Akhdar, milimani Oman, inamuumiza Bibi magoti, na pensheni ingetosha kupanga nyumba Mkunazini, mtaa aliozaliwa Bibi.

Dalali alituonyesha nyumba kwa simu ya video. Nzuri, wallahi.

Bibi hakuitazama, akamuuliza dalali: "Mwanangu, Bi Salma wa pale kona yupo?"

"Simjui, bibi."

"Na Mwalimu Haji?"

Alitaja watu tisa. (Mimi ndiye niliyeshika simu. Nilitamani chaji iishe.)

"Humjui hata mmoja?"

"Samahani, bibi."

Bibi akageuza uso, akaniambia: "Mwambie nyumba nzuri. Lakini nitakaa na nani?"

Kama bibi yako alikulia Mkunazini, niandikie. Sina tamaa kubwa. Hata jina moja.